Sasa Hapo Anazungumza na Nani? Kuhusu Kumrekodi Mtu kwa Simu Bila Kumwambia

Kuiweka simu ya mama iwe inarekodi mazungumzo kulinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Ni simu ya vitufe, ile yenye tochi, ambayo mama huifunga kwenye leso anapokwenda shambani. Niliingia kwenye mipangilio, nikashuka hadi sehemu ya kurekodi, nikakuta njia mbili: ama ubonyeze mwenyewe kila unapotaka, ama simu irekodi yenyewe kila mazungumzo yanapoanza. Nilichagua ya pili. Kisha nikafungua mfuniko wa nyuma, nikatoa betri, nikachomeka kadi ya kumbukumbu ya GB 8, nikarudisha betri, nikatoka nje hadi chini ya mparachichi na kumpigia. Nilisema, "Haloo mama, haloo," nikakata. Niliporudi ndani sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye spika ya simu yake, nyembamba kidogo, lakini ni mimi kabisa.

Mama alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Na yeye atajua?"

"Hapana, mama. Hakuna mlio wowote."

Akanyamaza, akawa anaifuta simu kwa leso. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike insha hii. Nayaandika kwa Kiswahili, ingawa aliyasema kwa Kiganda: "Kwa hiyo mimi nitakuwa najua, na yeye hajui. Sasa hapo anazungumza na nani?"

Huyo "yeye" ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Bibi alipofariki aliacha kibanja chenye kahawa na migomba. Kwa wasomaji walio nje ya Uganda niseme tu kwamba kibanja ni kipande ambacho mtu anakimiliki na kukilima juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine, kwa hiyo usalama wake unategemea sana karatasi na mashahidi. Karatasi zote zilibaki kwa mjomba. Mama alimpa shilingi 1,800,000 taslimu ili kipande chake kipimwe na kuandikwa kwa jina lake mbele ya mwenyekiti wa LC. Hakuomba risiti. Nani anamwomba kaka yake risiti? Kila walipozungumza kwa simu mjomba alikuwa akisema, "Usiwe na wasiwasi, fedha zako nazijua." Familia ilipoketi, akasema mbele ya wote kwamba hajawahi kupokea hata shilingi moja. Mama alirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyepigwa. Mimi nilikuwa likizoni, nina simu yangu na akili yangu ya chuo kikuu, nikaona dawa ya jambo hili ni rahisi.

Rafiki yangu anayesomea sheria, nilipomweleza, alijibu bila kusita: inategemea uko nchi gani. Ni kweli. Ujerumani, kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mhalifu mtu anayerekodi maneno ya faragha ya mwenzake bila ruhusa, na anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Marekani, sheria ya shirikisho inaridhika ikiwa mmoja tu wa wanaozungumza amekubali, na mmoja huyo anaweza kuwa ndiye anayerekodi. Lakini jimbo la California, ndani ya nchi hiyohiyo, linataka wote wakubali. Hapa Uganda tuna sheria ya mwaka 2010 kuhusu kuingilia mawasiliano na nyingine ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data na faragha. Mama hajasoma hata moja, na hakuniuliza kama atakamatwa. Kama kitendo kilekile ni kosa mjini Berlin na si kosa mahali pengine, basi sheria inatuambia tu watunga sheria waliafikiana wapi. Haituambii mtu anayezungumza bila kujua anadhulumiwa nini.

Nilipoanza kusoma habari za vyombo hivi niligundua kwamba simu na kinasasauti ni karibu ndugu. Mdenmaki Valdemar Poulsen alipobuni chombo chake cha kunasa sauti kwenye waya wa chuma kwa nguvu ya sumaku, mwaka 1898, alikiita Telegraphone, na moja ya kazi alizokusudia ni kupokea ujumbe wa simu mwenye nyumba asipokuwapo. Baadaye kukaja vyombo vidogo vya bei rahisi. Kimoja ni kikombe cha mpira chenye koili ya waya ndani, unachokinatisha kwenye mkono wa simu ya mezani. Koili hiyo hudaka sumaku inayotoka kwenye kisikizio, bila kukata wala kuunga waya wowote, na upande wa pili hausikii chochote. Urahisi huo ndio uliowatia watu hofu. Mwaka 1947 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba anayerekodi simu atumie chombo kinachotoa mlio kila baada ya sekunde 15 hivi, ili anayezungumza akumbuke kila mara kwamba kuna sikio la tatu. Hata sasa wazo hilo halijafa. Programu ya simu ya Google inaporekodi huwatangazia pande zote mbili, na Mei 2022 kampuni hiyo ilifunga njia ambayo programu nyingine katika duka lake zilikuwa zikiitumia kurekodi simu. Simu ya vitufe ya mama haijui lolote kuhusu mambo hayo. Inarekodi kimya.

Wengi wetu tunadhani mlio au tangazo linamaliza tatizo la kimaadili. Mimi sidhani. Ukipiga simu kwenye ofisi kubwa, unasikia sauti nzuri ikisema kwamba mazungumzo yanaweza kurekodiwa ili kuboresha huduma. Hapo hujaulizwa kitu, umearifiwa. Usipotaka, kata simu ubaki na shida yako. Na rekodi ikishawekwa inabaki kwao. Siku mkitofautiana kuhusu kilichosemwa, wao wana sauti yako na wewe una kumbukumbu yako. Kwa hiyo wenye nguvu wanarekodi kwa tangazo kwa sababu tangazo haliwagharimu kitu. Mama angemtangazia mjomba kwamba "simu hii inarekodiwa", mjomba angesema tu kwamba migomba inaendelea vizuri. Wema wa kumwambia mwenzako una bei, na bei hiyo haiwi sawa kwa maskini na kwa tajiri.

Nirudi kwenye swali la mama. Njia rahisi ya kulikwepa ni kusema kwamba kurekodi ni kukumbuka tu. Kama nina haki ya kukumbuka ulichoniambia, na nina haki ya kukiandika kwenye daftari usiku kabla sijalala, kwa nini nisiwe na haki ya kukiweka kwenye kadi? Kwa siku kadhaa niliiamini hoja hii. Kilichonitoa ndani yake ni kumtazama mama akizungumza kwa simu. Mama ni mtu wa zamani. Anapompigia kaka yake hupiga magoti juu ya mkeka, ingawa mjomba yuko mbali na hawezi kumwona. Huishusha sauti, humaliza salamu zote, huuliza mke na watoto mmoja mmoja. Akizungumza na dada yake hukaa vyovyote, huku anamenya matoke, na maneno yake yana makali na vicheko. Kila mtu anayezungumza anaanza kwa kujua anazungumza na nani, na maneno yake yanachukua umbo la msikilizaji huyo. Ninapokumbuka ulichoniambia, bado msikilizaji ni mimi uliyenichagua. Nikimsimulia mwingine, anasikia sauti yangu, na wewe unaweza kusema, "Hapana, sikusema hivyo," tukabaki sawa kwa sawa. Rekodi huichukua sauti yenyewe na kuipeleka kwa mtu ambaye hukumpa umbo lolote la maneno. Humfanya mtu aongee na asiyemjua. Na magoti ya mama juu ya mkeka, rekodi haiyachukui.

Kwa hiyo kuna jambo linalochukuliwa, na jambo hilo ni haki ya kumchagua msikilizaji. Lakini je, haki hiyo haina mpaka? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, anatoa kipimo ambacho nakipenda: tendo linalogusa haki za wengine si la haki ikiwa kusudi lake haliwezi kutangazwa hadharani bila kuharibika. Kwa kipimo hiki mama anashindwa mara moja. Kusudi lake likitangazwa, linakufa. Ila mjomba naye anashindwa, tena yeye alitangulia. Mpango wake wote, wa kukiri sikioni na kukana barazani, unaishi kwa sababu hakuna wa kuyaunganisha maneno hayo mawili. Najua siri moja haihalalishi nyingine. Nasema tu kwamba kipimo cha Kant, tukikitumia kwa mama peke yake, tutakuwa tumeshika upande wa aliyewahi kujificha.

Mpaka ninaouona mimi uko kwenye aina ya maneno. Ahadi ni deni, tunasema, na methali hii tumezoea kuitumia kuwaonya wenye ahadi. Tuitazame kwa upande wa mdai. Ukishaniahidi, ahadi hiyo si mali yako tena, umenikabidhi. Mwenye kibanda cha duka anapoandika kwenye daftari lake kwamba nimechukua kilo moja ya sukari kwa mkopo, haombi ruhusa yangu, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba ameibiwa maneno yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo pia kwa tishio, na kwa afisa anayedai rushwa kwa simu: hayo ni matendo yanayofanywa kwa mdomo, na aliyetendewa ana haki ya kuyahifadhi. Sioni ni haki gani anayo mtu ya kutaka ahadi yake isahaulike. Lakini daftari la dukani linaandika sukari tu. Haliandiki kwamba siku hiyo nilikwenda na shati lililochanika, wala kwamba nilikuwa nimelia.

Maneno mengine si matendo ya namna hiyo. Ni kumwaga moyo. Mfano unaojulikana sana ni wa Linda Tripp, ambaye mwaka 1997 alirekodi mazungumzo yake ya simu na rafiki yake Monica Lewinsky kwa kinasasauti cha kawaida cha dukani, akiwa Maryland, jimbo linalotaka wote wakubali. Januari 1998 kanda hizo zilifika kwa mwendesha mashtaka maalumu Kenneth Starr. Tripp alishtakiwa mwaka 1999 na kesi ikafutwa mwaka uliofuata. Yeye alidai kwamba alikuwa anajikinga, na sitaki kumwita mwongo. Hata mama alikuwa anajikinga. Tofauti ninayoiona ni kwamba sehemu kubwa ya alichokirekodi hakikuwa deni ambalo Lewinsky alikuwa nalo kwake. Yalikuwa maneno ya msichana aliyechanganyikiwa akimpigia mtu aliyemwona kama dada mkubwa.

Nilipofika hapa katika kufikiri nilijiona nimemaliza. Ahadi na vitisho vihifadhiwe, mioyo iachwe. Mhadhiri mmoja niliyemweleza alitabasamu na kuniuliza: "Na chombo chako kinajuaje, kabla mtu hajafungua mdomo, kama atatoa ahadi au atalia?" Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye kadi, na nilikuwa tayari nimeshalisikia.

Baada ya wiki tatu mama aliniambia, "Amesema. Nenda ukatafute." Nilichomoa kadi na kuiweka kwenye kompyuta ya binamu yangu. Palikuwa na faili zaidi ya mia moja, na simu ile ilikuwa imezipa majina ya tarehe na saa tu, bila namba ya aliyepiga. Mama hakukumbuka siku. Ikabidi nifungue moja baada ya nyingine. Nilimsikia mama mkubwa akicheka kuhusu harusi fulani. Nilijisikia mimi mwenyewe nikimwambia mama kwamba nimekula vizuri, siku ambayo naikumbuka wazi kwamba sikula kitu hadi jioni, na nikausikia ukimya wa mama baada ya uongo huo, ukimya ambao sikuwa nimeusikia wakati ule kwa sababu nilikuwa naharakisha kukata. Nilimsikia jirani yetu akimweleza mama jambo kuhusu afya yake ambalo sitaliandika hapa wala popote. Nilipaswa kuacha mara tu nilipoitambua sauti yake. Sikuacha. Labda nilisikiliza sekunde 40 zaidi.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mimi sikuwa kata. Jirani huyo nakutana naye njiani kila ninapokwenda nyumbani. Tunasalimiana, ananiuliza habari za masomo. Siwezi kumwomba msamaha bila kumwambia ninachokijua, na nikimwambia nitakuwa nimemwongezea jeraha. Ushindi wowote wa mama dhidi ya mjomba haulipi deni hili, kwa sababu jirani hakuwa na kesi na sisi. Kosa hilo ni langu, na lilifanyika pale kwenye mipangilio nilipochagua njia ya pili kwa kuwa ilikuwa rahisi. Ningemfundisha mama kubonyeza mwenyewe, angechagua. Mashine inayojiwasha yenyewe imeondoa dakika ile ndogo ambayo mtu hujiuliza, "Je, hili nalo?" Kuna mfano mkubwa wa jambo hili. Marais Kennedy na Johnson walirekodi mazungumzo yao Ikulu ya Marekani, lakini wao kuwasha kulitegemea uamuzi. Richard Nixon mwaka 1971 aliwekewa ofisini mtambo uliojiwasha kwa sauti, ukawa unanasa kila kitu, ukamnasa na yeye. Alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, wiki mbili na siku chache baada ya Mahakama ya Juu kuamuru kanda zitolewe.

Simu ya mjomba niliipata usiku. Ilikuwa ya dakika 11. Jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa mjomba, ni mama. Sikumtambua. Alikuwa anasema, "Kaka, zile shilingi milioni moja na laki nane nilizokupa mwezi wa tatu, ulizozipokea nyumbani kwako, unasemaje juu yake?" Hakuna dada duniani anayezungumza hivyo na kaka yake. Hakumsalimia mkewe wala watoto. Alikuwa anazungumza na kadi. Ndipo nikaelewa kwamba swali lake lilikuwa na upande wa pili: si mjomba tu aliyekuwa hajui anazungumza na nani, hata mama alikuwa amemwacha kaka yake na kumgeukia msikilizaji mwingine.

Mjomba alikiri katika dakika ya pili. Alisema wazi: fedha alizipokea, na amezitumia. Hapo tungekuwa na daftari letu, kama angenyamaza. Hakunyamaza. Alianza kueleza amezitumia kwa nini, na sauti yake ikakatika, na mwanamume ambaye nimemwogopa tangu utotoni akalia kwa muda mrefu kwenye masikio yangu, akisema juu ya wanawe na juu ya hofu zake mambo ambayo alikuwa anamwambia dada yake tu, dada mmoja tu aliyebaki naye duniani.

Kwa hiyo sukari na shati lililochanika vilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Wazo langu la kwanza lilikuwa kukata, kubakiza dakika mbili za mwanzo. Lakini rekodi iliyokatwa inanuka. Katika kanda za Nixon kuna moja ya tarehe 20 Juni 1972 yenye pengo la dakika 18 na nusu, na hadi leo watu wanalizungumzia pengo hilo kuliko maneno mengi yaliyobaki. Kwenye kikao cha familia mtu wa kwanza angeuliza, "Na baada ya hapo alisema nini?" Ukiikata, umeidhoofisha. Ukiiacha nzima, umemvua mtu nguo mbele ya wakwe zake.

Baada ya usiku ule nilibadili maoni yangu, na maoni niliyo nayo sasa ndiyo haya. Mama kuyahifadhi maneno ya mjomba halikuwa kosa. Alikuwa ameshayasikia, yalikuwa yake tayari, pamoja na machozi, kwa kuwa yeye ndiye aliyechaguliwa kuyasikia. Akiyasikiliza tena mara mia, hakuna msikilizaji aliyeongezeka. Dhuluma inaanza pale sikio lingine linapoongezeka. Kwa ahadi, masikio ya familia yana haki, maana mjomba mwenyewe ndiye aliyeipeleka habari ile barazani alipoikana. Kwa machozi, hakuna aliyekuwa na haki hiyo, wala mimi. Sikio la kwanza la ziada katika jambo hili halikuwa la mwenyekiti wa LC wala la wakwe. Lilikuwa langu, nikiwa nimevaa vipokea sauti vya binamu yangu, nikijiona mkombozi wa mama.

Mnaweza kusema kwamba mpaka huu ni mwembamba mno kwa watu wenye shida halisi. Nakubali kwamba kuna kesi ambazo mtu hana budi kupeleka rekodi nzima kwa polisi: anayetishiwa kuuawa hana wajibu wa kulinda machozi ya anayemtishia. Mjomba hakumtishia mtu. Pia mhadhiri wangu aliniambia kwamba tukizoea kuhifadhi ahadi za ndugu kwa siri, ndugu wataacha kuahidiana. Hilo ndilo pingamizi ninaloliogopa zaidi, na sikuweza kumjibu kwa hoja.

Mama alisikiliza maelezo yangu yote ya Kant kwa subira aliyo nayo kwa watoto waliosoma. Kisha akaenda mwenyewe kwa mjomba, kwa teksi, akiwa na simu kwenye leso. Hakutaka nimsindikize. Aliporudi alinisimulia kwa maneno machache. Walikaa chumbani wawili tu, akamsalimia kwa magoti, akamwekea rekodi. Mjomba aliisikiliza hadi pale alipoanza kulia, akanyoosha mkono akaizima. Hakuuliza kama mama atampeleka kwenye kikao. Hakuuliza habari ya fedha. Aliuliza, "Nani mwingine amesikia?"

Mama hakumdanganya. Alisema, "Mwanangu."

Wiki mbili baadaye kipande cha futi 50 kwa 100 kilipimwa, mwenyekiti akagonga muhuri, mashahidi wakatia saini. Karatasi iko kwenye kopo la vifungo, na kadi imo humohumo, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeamua tuifanye nini. Kurekodi mama alikuzima mwenyewe. Alinitaka nimwonyeshe hatua kwa hatua, akahakikisha mara mbili kwa kunipigia kutoka chini ya mparachichi. Mjomba bado hupiga simu kila Jumapili. Kabla ya kitu chochote huuliza kama ile mashine bado imewashwa. Mama humjibu kwamba alishaizima. Mjomba husema, "Sawa," kisha anauliza kama mvua imenyesha huko, na kahawa inanunuliwa bei gani.